Nanga Niliyoiongeza

Hoorn, 1669

Oktoba 7. Upepo wa magharibi, wa kadiri. Mawingu ya kijivu chini, meupe juu.

Daftari hili ni la upepo. Miaka kumi na tisa nimekuwa naandika humu upepo unatoka wapi na anga lina rangi gani, maana kazi yangu ni kuchora meli na dhoruba, na mtu akisahau rangi ya bahari ya Oktoba hawezi kuibuni Februari amekaa karibu na moto. Mambo yangu sijawahi kuyaandika. Leo naanza, kwa sababu nimejaribu kusali na maneno hayaji.

Bwana Allart Veen, mwenye meli, kaja asubuhi na glavu zake za ngozi. Anataka nimchoree tena kuzama kwa meli yake Mwanakondoo, sawasawa na picha ya kwanza, ampelekee mkwewe Amsterdam. Iwe tayari kabla ya Krismasi. Ile ya kwanza iko ukutani katika chumba cha manahodha, pale bandarini, ambapo mabaharia huja kuandikishwa kazi. Kila mtu mjini anaijua. Nimesema ndiyo, nikamshukuru, nikamfungulia mlango mwenyewe.

Oktoba 8. Magharibi bado. Nimenyoosha turubai ya picha mpya.

Oktoba 11. Mvua ya kutwa. Aaltje, mke wangu, ndiye anayenisagia rangi, na leo kasaga nyeupe na bluu. Siku hizi hasemi sana. Nadhani ni yale meno yanayomwuma.

Oktoba 15. Kusini-magharibi. Anga kama maziwa yaliyoharibika.

Nimemwona Tjerk Obbesz pale wanapotengenezea meli. Alikuwa msaidizi wa nahodha katika Mwanakondoo. Novemba ya mwaka jana, meli ikiwa imetia nanga karibu na kisiwa cha Texel ikingoja upepo mzuri, dhoruba iliipiga, kamba ya nanga ikakatika, meli ikasukumwa mpaka kwenye fungu la mchanga na kuvunjika. Watu thelathini na mmoja walikufa, nahodha akiwemo. Walitoka hai watatu. Wawili walishaondoka kwenda Mashariki ya mbali, na Tjerk akabaki hapa kubeba lawama. Sasa anapaka lami kwenye matumbo ya meli ambazo hakuna anayemruhusu kuzipanda.

Wapasua mbao walikuwa wanamtania. Mmoja kamwuliza, "Nanga Kavu, leo umelala vizuri?" Ndilo jina walilompa. Akaendelea kupaka lami. Mtu mwenye uso mgumu, hasalimii mtu. Nikajiambia ndiyo maana watu hawamhurumii. Nikajisikia nafuu kidogo, nikaenda zangu.

Oktoba 16. Kusini-magharibi.

Oktoba 19. Nimemaliza anga. Nimechora vizuri kuliko la kwanza, na hilo linanitia hofu.

Oktoba 27, Jumapili. Kaskazini-magharibi, mkali mno. Vigae viwili vya paa vimeanguka barabarani.

Upepo ndio ule ule wa siku ile. Tangu alfajiri madirisha yanatetemeka na mimi siwezi kukaa wala kusimama. Basi niandike.

Mimi niliiona Mwanakondoo ikizama. Nilikuwa Texel wiki nzima kuchora meli zilizotia nanga, na dhoruba ilipokuja watu wote walikimbilia ndani, mimi nikapanda juu ya tuta la bahari na chaki yangu. Wachoraji wenzangu huchora dhoruba bila kuloa hata soksi. Mimi nilitaka kuwa mtu aliyeona kwa macho yake. Nililala kifudifudi kwenye majani, karatasi nimeibana kwa viwiko, nikachora huku watu wanakufa. Nilisikia sauti zao upepo ulipotulia kidogo. Mkono haukusimama.

Nilichora kile nilichokiona. Nanga moja imeshashushwa, kamba yake imekaza kama fimbo. Upande wa pili wa omo, yaani mbele ya meli, pale nanga ya pili inapotakiwa kuning'inia, palikuwa patupu. Hapakuwa na kitu. Ile karatasi ninayo mpaka leo, chini kabisa ya sanduku.

Nikarudi nyumbani nikachora picha kubwa kwa kufuata karatasi ile. Ilipokauka niliitundika, nikakaa mbali nikaitazama. Ilikuwa nzuri. Lakini pale kwenye omo palinisumbua. Palikuwa pamepwaya. Macho yalifika pale yakakosa pa kushika. Sandukuni nilikuwa na mchoro mwingine wa meli hiyo hiyo, niliouchora hapa bandarini wakati wa machipuko, ikiwa na nanga zake mbili. Nikachukua humo nanga ya pili nikaiweka juu ya rangi iliyokwisha kauka, nyekundu ya kutu, na tone la mwanga kwenye ncha. Picha ikapona papo hapo. Nilifurahi siku ile hata nikamwambia Aaltje tule jibini la sikukuu. Chini nikaandika jina langu na maneno haya: nimeyaona kwa macho yangu.

Hakuna aliyeniagiza. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke, ingawa sijui naandika kumweleza nani. Hakuna aliyenilipa kwa ajili ya ile nanga wala kunitisha. Niliiweka kwa sababu ilipendeza.

Manahodha hawaangalii picha kama watu wengine. Wao huisoma. Wanahesabu kamba, wanapima tanga na upepo, na ukikosea bendera wanakucheka mwaka mzima. Walipoiona nanga ile inaning'inia kavu, wakati meli inaburuzwa, walielewa jambo moja tu: msaidizi alikuwa na nanga ya pili na hakuishusha. Tjerk alikuwa amewaambia kwamba nanga ya pili ilipotea kwenye miamba ya Norwe wakati wa kiangazi, na Bwana Veen hakununua nyingine. Veen alikataa, akasema meli iliondoka na nanga zote. Walikuwa wawili, kila mmoja na neno lake. Kisha picha yangu ikatundikwa ukutani.

Siku Veen alipokuja kuichukua aliitazama muda mrefu. Aliweka kidole, bila kugusa, juu ya nanga. "Hapa," akasema, "hapa umefanya kazi nzuri sana." Nikaelewa palepale. Nikanyamaza. Huo unakaribia mwaka sasa.

Oktoba 28. Upepo umepungua. Nimesoma niliyoandika jana, nikataka kuchana. Sikuchana.

Novemba 4. Mashariki, baridi kavu. Mawimbi nimemaliza, milingoti nimemaliza, watu kwenye kamba nimemaliza. Omo nimeiacha.

Novemba 5. Mashariki.

Novemba 6. Mashariki. Nimenoa chaki ambazo zilikuwa zimeshanolewa.

Novemba 9. Ukungu. Veen kapita kutazama. Kauliza habari za Aaltje, kauliza habari za mgongo wangu, mtu mwenye adabu zake. Zamani nilikuwa naiona adabu hii kama wema. Akaenda moja kwa moja kwenye omo. Akasema, nanga bado. Nikasema huwa naiweka mwisho. Akatabasamu akasema anajua.

Anajua nini? Nimekaa na neno hilo mchana kutwa. Kama anajua kwamba haikuwepo, basi tangu mwanzo tumekuwa wawili ndani ya uongo huu, yeye na mimi, na yeye amekuwa akinisalimu kama mwenzake.

Novemba 17, Jumapili. Magharibi, mvua ya mawe.

Tarehe 15 Desemba ni meza ya Bwana, kwa hiyo wazee wa kanisa wameanza kupita nyumba kwa nyumba kuuliza kama tuna amani na majirani. Kwetu kaja Dirck Pool, yule mwoka mikate, na unga wake kwenye nyusi. Kakaa, kanywa bia, kauliza kama ilivyo kawaida: "Ndugu Sijmen, una ugomvi na mtu yeyote?"

Nikasema sina. Na kweli sina. Tjerk hajui kama ana ugomvi na mimi.

Aaltje alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. Dirck akamwuliza na yeye. Akasema yeye ana amani na watu wote, isipokuwa mmoja, na huyo anamngoja. Dirck akacheka akasema wake wote husema hivyo. Aaltje hakucheka.

Kabla ya kuondoka Dirck katuambia kwamba Tjerk Obbesz ameomba asikilizwe. Mwaka mzima wamemzuia mezani kwa sababu ya wale thelathini na mmoja. Baraza la wazee litamsikiliza Alhamisi tarehe 12. Wakimsafisha, kuna nahodha mmoja, Bouwen, yuko tayari kumchukua safari ya Ureno kuleta chumvi. Wasipomsafisha, kasema Dirck huku anafunga koti, itabidi aondoke mji huu, maana hakuna atakayempa hata brashi ya lami.

Novemba 18. Magharibi.

Novemba 19. Magharibi. Sijala.

Novemba 21. Nimechora nanga. Saa moja baadaye nimeifuta kwa kitambaa, ikiwa mbichi. Nimechora tena, nimefuta tena. Kitambaa chote kimekuwa chekundu.

Novemba 26. Kaskazini, theluji ya kwanza, haikushika.

Leo Tjerk kaja hapa nyumbani.

Nilifungua mlango nikamwona amevua kofia, mikono imeoshwa mpaka imechubuka lakini lami bado kwenye kucha. Nilidhani amejua. Nikarudi nyuma nikashika fremu ya mlango. Yeye akadhani namkaribisha, akaingia.

Hakutaka kukaa. Kasema anajua mimi ni mtu wa kazi, hatanipotezea muda. Anaongea polepole, kwa sauti ya chini, tena kwa heshima. Nilikuwa nimemwita mtu wa uso mgumu. Ule si ugumu. Ni mtu anayeogopa kwamba akifungua mdomo atalia mbele za watu.

"Bwana Sijmen, wewe ulikuwepo," akasema. "Ulikuwa juu ya tuta, ulituona. Mimi nilikuwa ndani, maji usoni, siwezi kusema nilikuwa naona kila kitu. Picha yako nimeitazama mara nyingi. Nimeitazama mpaka sasa nikifumba macho naiona hiyo nanga mwenyewe. Hata Geesje, mke wangu, nilimwambia juzi, labda ilikuwepo. Labda kweli nilisahau." Akageuza kofia mikononi. "Kwa hiyo nimekuja kukuuliza. Wewe ndiye mtu pekee. Ilikuwepo?"

Ile turubai mpya ilikuwa nyuma yangu, imefunikwa. Nilikuwa na neno moja tu la kusema.

Nikasema kulikuwa na povu jingi. Nikasema mwaka umepita, sikumbuki vizuri.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia kitu cha haki. Kaniomba, kama nitakumbuka, nije kwenye baraza tarehe 12 niseme nilichokiona, hata kama kinamwumiza, ili angalau yeye mwenyewe ajue. Kisha akanishukuru. Akashuka ngazi kwa uangalifu, asichafue ukuta kwa lami.

Nilimwibia jina lake, hilo nililijua. Sikujua kama nimemwibia na kumbukumbu yake.

Novemba 27. Aaltje hasemi na mimi kabisa.

Novemba 30. Kaskazini-magharibi. Tena kaskazini-magharibi.

Desemba 3. Leo nimemwuliza Aaltje yule mtu mmoja asiye na amani naye ni nani.

Alikuwa anamenya njegere. Hakuinua macho. "Ile rangi ya kutu nani aliisaga?" akaniuliza. "Picha ilikuwa imekwisha, imeshakauka, umeshaosha brashi. Ukaja kuniambia nisage kutu kidogo, kijiko kimoja. Nilijua imeenda wapi, Sijmen. Na karatasi ya Texel niliiona mimi kabla hata haijakauka. Niliitandaza mwenyewe karibu na moto."

Nikamwuliza kwa nini hakusema mwaka mzima.

"Nilikuwa nangoja mume wangu aseme."

Nikalia pale jikoni. Hakunibembeleza. Alinisogezea bakuli na mimi nikamenya.

Desemba 7. Veen kaleta barua, anataka picha yake. Nimeandika chini ya barua hiyo hiyo kwamba haitakuwepo, nimeirudisha na mtumishi wake. Kisha nikajificha chumbani kama vile barua ina miguu.

Desemba 10. Usingizi sina. Nahesabu: nitapoteza kazi ya Veen na ya rafiki zake, yaani karibu yote. Manahodha watanicheka mpaka nife. Wakati mwingine najiambia Tjerk ni hodari, atapata maisha mji mwingine. Naandika hili ili nione lilivyo baya likiwa limeandikwa.

Desemba 12, Alhamisi. Magharibi, mkali, mvua inakuja na kukatika.

Nimekwenda. Nitaandika yote kwa utaratibu.

Baraza lilikaa saa nne asubuhi, mchungaji na wazee sita, katika chumba cha nyuma cha kanisa. Tjerk alikuwa kwenye kigoda, Geesje nyuma yake, mwanamke mrefu mwenye kikohozi. Veen alikuwepo pia, ameitwa kama mwenye meli. Aaltje alikuja na mimi, hakuambiwa aje.

Nikaweka karatasi ya Texel mezani nikasema: hii ndiyo niliyoiona. Nanga ya pili haikuwepo. Niliiongeza mwenyewe nyumbani, kwa kupendezesha picha, na nimenyamaza mwaka mzima nikijua inamfanya nini mtu huyu.

Sikumtazama Tjerk. Nilisikia kigoda kikilia.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Sivyo. Veen aliomba karatasi, akaigeuza, akasema kwa upole kwamba chaki haina tarehe. Hii ingeweza kuchorwa jana. Kwamba anasikitika kuona Bwana Sijmen, mtu ambaye yeye amempa kazi kwa miaka, anakuwa hivi. Na Dirck Pool, ambaye ni mtu mwema na hana hila, akakuna nyusi zake akaniuliza: "Ndugu yangu, kwa rangi ulisema uongo ukaweka na jina lako. Mwezi uliopita nilikuuliza kama una ugomvi, ukasema huna. Leo unasema kweli kwa chaki. Sasa sisi tukuamini wapi?"

Niliona wazee wakitazamana. Niliona kwamba nimechelewa, kwamba uongo wangu umekuwa na nguvu kuliko mimi.

Aaltje ndiye aliyesema. Aliwaomba radhi kwanza. "Wazee wangu, msimwamini yeye. Nendeni mkaiangalie picha chini ya ile nanga."

Tukavuka daraja wote, mvua inatupiga, mpaka chumba cha manahodha. Kulikuwa na mabaharia kama kumi na tano wanakunywa bia, pamoja na Nahodha Bouwen, mzee mwenye sikio moja. Mmoja akasema naona mchoraji amekuja kutapika nchi kavu, maana mimi huugua hata kwenye mashua ya kuvukia mfereji. Wakacheka. Veen akasema picha ni mali yake na atakayeigusa atamjibu mahakamani. Mchungaji akasema kanisa litajibu. Nikapanda juu ya benchi na kisu cha rangi na kitambaa chenye mafuta ya msonobari ya kulainishia rangi.

Nililowesha, nikangoja, nikakwangua. Kisu kiliteleza hata nikakata wimbi lililokuwa zima. Nanga ilitoka vipande vipande, maganda mekundu yakaanguka kwenye bia ya watu. Chini yake palionekana anga. Povu pia, na mstari wa mvua, vyote vimechorwa mpaka mwisho, brashi imepita pale moja kwa moja bila kusita.

Bouwen alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa. "Hebu nieleze," akasema. "Ninyi mkitaka kuweka kitu, mnakijua tangu mwanzo?"

Nikamwambia ndiyo. Tunaacha nafasi yake tupu. Mlingoti, bendera, mtu, kila kitu kina nafasi yake kabla hatujachora anga kuzunguka. Hakuna mchoraji anayepoteza siku tatu kuchora povu mahali atakapolifunika.

"Kwa hiyo siku ulipochora bahari hii," akasema, "nanga ilikuwa haipo."

Nikasema haikuwepo siku hiyo, na haikuwepo Texel.

Hakuna aliyecheka tena. Mtu mmoja alivua kofia. Wakaanza kumtazama Veen, si kwa hasira, bali kama wanavyotazama picha: wanasoma. Alivaa glavu zake, moja moja, akatoka.

Tjerk alikuwa karibu na mlango. Nilishuka kwenye benchi nikaenda kwake. Nilikuwa nimejiandalia maneno. Akainua mkono nisiseme.

"Haikuwepo," akasema. Si kwangu, ni kwa Geesje. "Umesikia? Haikuwepo."

Kisha akanitazama mimi. "Umekuja nyumbani kwangu? Hapana. Mimi ndiye niliyekuja kwako, nikakuuliza." Akasema hawezi kunisamehe leo na hataki kunidanganya. Labda akirudi kutoka Ureno.

Desemba 15, Jumapili. Magharibi. Tjerk kakaa mezani. Mimi nimezuiwa mpaka Pasaka. Nilikaa nyuma karibu na mlango, baridi inaingia, nikaona mgongo wake tu. Ni haki.

Desemba 16. Mtu kaandika kwa chaki mlangoni kwetu: hapa wanauza nanga. Aaltje kasema tuache, mvua itafuta.

Desemba 19. Mashariki, mzuri wa kutokea bandarini. Meli ya Bouwen imeondoka saa tano, Tjerk ni msaidizi wake. Nilisimama mbali. Nilihesabu nanga zote za omo. Watu wengine pia walikuwa wanahesabu.

Desemba 20. Mashariki.

Desemba 21. Upepo umegeuka.

Desemba 23. Kaskazini-magharibi, mkali kuliko wa mwaka jana.

Tangu asubuhi vigae vinaruka na maji yamefika ngazi ya tatu ya gati. Kama hawakuwahi kupita Texel jana, basi wako kule nje, au wamerudi kutia nanga mahali pale pale. Kama ningenyamaza, Tjerk leo angekuwa anapaka lami, ana aibu, ni mzima. Nimeliwaza hilo mara mia. Nimemwambia Aaltje. Akasema huo tena ni kujiweka katikati ya picha, akanipa koti.

Nilikwenda kwa Geesje saa nane mchana. Nilimkuta peke yake, amesogeza kiti mbali na dirisha, na dirisha kalifunika kwa blanketi. Nilisimama mlangoni, naloa. Nikasema nilikuwa natoka kwenye tuta, nimeiona bahari, na kama anataka kujua upepo uko wapi na mawimbi yako namna gani, hiyo ni kazi yangu, naweza kumwambia.

Akakohoa. Kisha akanisukumia kigoda kwa mguu.

"Kaa," akasema. "Lakini usiniambie bahari inavyoonekana."

Nikakaa.